Kusimulia si kujifunza: dhana potofu kuhusu uzoefu wa watu wazima darasani

Kila ninapokwenda kukagua darasa la watu wazima, nasikia maneno yaleyale mwanzoni mwa kipindi: "Leo tutaanza na uzoefu wenu." Mwezeshaji anauliza swali moja, watu watatu wanne wanasimulia, anawashukuru, kisha anasema, "Haya, fungueni ukurasa wa kumi na mbili." Nikimuuliza baadaye aliutumiaje uzoefu wa wanakisomo wake, ananijibu kwa kujiamini kabisa kwamba aliwapa nafasi ya kueleza. Jibu hilo limenichosha, na ndiyo maana naandika.

Dhana: Ukishawaachia waeleze yao, umetumia uzoefu wao

Hapana. Umewapa nafasi ya kuzungumza. Hilo ni jambo la heshima na lina faida yake, lakini somo bado hujaligusa. Uzoefu huingia katika somo pale unapofanyiwa kazi: unapohojiwa, unapolinganishwa na wa jirani, unapopimwa kwa swali ambalo mwenyewe hajawahi kujiuliza.

Nilikaa nyuma katika darasa moja la hesabu. Mada ilikuwa uwiano na sehemu. Mwezeshaji akauliza nani ana kazi inayotumia uwiano. Fundi mwashi mmoja, mtu wa makamo, akainua mkono na kuanza kuhesabu kwa vidole: "Zege la kawaida, saruji ndoo moja, mchanga mbili, kokoto nne." Akabaki na vidole vinne hewani, anangoja. "Safi sana, Fundi," akaambiwa, na darasa likahamia kwenye mfano wa kitabu, wa kuchanganya rangi nyekundu na nyeupe. Vidole vikashuka taratibu.

Katika vidole vile kulikuwa na kipindi kizima. Uliza: saruji ni sehemu gani ya mchanganyiko wote? Wengi watasema robo, kwa sababu wameshika ile moja na ile nne. Usiwasahihishe. Mwite mmoja achore ndoo ubaoni, azihesabu mwenyewe, akute ni saba na saruji ni 1/7. Tofauti kati ya uwiano na sehemu, ambayo huwasumbua hata waliomaliza sekondari, sasa inaonekana kwa macho. Endelea: tukiwa na kokoto ndoo sita tu, saruji iwe kiasi gani? Ndoo moja na nusu, na mchanga ndoo tatu. Watabishana, na waache wabishane.

Kisha mgeukie Fundi: hizo ndoo saba zikishachanganywa na kutiwa maji, tutapata zege la ndoo saba? Atakuambia papo hapo kwamba hazifiki. Mchanga unajaza mianya iliyo kati ya kokoto, na saruji nayo inajaza mianya ya mchanga, kwa hiyo mchanganyiko unapungua. Kitabu cha hesabu hakikusema hivyo, na pengine mwezeshaji mwenyewe hakulijua. Darasa sasa limepata swali la kweli: kujumlisha kunakupa jibu sahihi wakati gani, na wakati gani kunakudanganya?

Tazama kwamba katika maswali yote hayo hakuna hata moja lililomtaka Fundi asimulie maisha yake. Yalimtaka afikiri juu ya kazi yake, na yaliwataka wenzake wafikiri pamoja naye.

Wengine hunitajia Paulo Freire, mwalimu wa Brazili aliyejulikana kwa kufundisha watu wazima kusoma, kama ushahidi kwamba mwalimu anatakiwa anyamaze tu na kusikiliza. Sijui wanamsoma wapi. Mwaka 1963 kule Angicos, Brazili, wafanyakazi wapatao 300 walifundishwa kusoma na kuandika kwa njia ya Freire kwa saa zipatazo 40, na kazi ilianza kabla ya darasa kufunguliwa. Kwanza yalikusanywa maneno ambayo watu wa pale waliyatumia kila siku. Kati ya hayo yakachaguliwa machache, yenye uzito katika maisha yao na yenye silabi zinazoweza kuzaa maneno mengine. Katika njia hiyo, neno la Kireno kama tijolo, yaani tofali, hujadiliwa kwanza: nani analifyatua, nani anajengewa nyumba. Kisha hukatwa ti-jo-lo, na kila silabi huitiwa ndugu zake: ta, te, ti, to, tu. Kutokana na hizo wanafunzi huunda maneno mapya wenyewe. Mazungumzo yapo, lakini nyuma yake kuna maandalizi ambayo mwezeshaji wa "tuanze na uzoefu wenu" hakuyafanya.

Ushauri wangu, na wanaonijua wameusikia mpaka basi: gawa ubao mara mbili kwa mstari wa wima. Upande wa kushoto andika maneno ya wanakisomo kama walivyoyatamka, bila kuyanyoosha. Kulia andika istilahi ya kitabu. Kazi ya kipindi ni kuvuta mistari kutoka kushoto kwenda kulia. Upande wa kushoto usiufute hadi watu watoke. Ukiona kushoto kuna maneno mengi na hakuna mstari hata mmoja uliovutwa, ujue mmesimuliana tu.

Dhana: Uzoefu siku zote ni msaada

Mwingine ni ukuta. John Dewey, mwanafalsafa wa elimu wa Marekani ambaye watu humtaja sana kwa kusifu uzoefu, alionya mwaka 1938 kwamba si kila uzoefu unaelimisha, na kwamba upo unaomfunga mtu asijifunze zaidi.

Katika mafunzo ya huduma ya kwanza, uliza mtu aliyeungua moto afanyiwe nini. Utasikia dawa ya meno, utasikia mafuta. Na mama mmoja atasema, "Nimewapaka wanangu miaka yote na wote walipona." Anasema kweli, walipona. Ila majeraha madogo ya moto hupona yenyewe, na kila lilipopona sifa ilikwenda kwa dawa ya meno. Ukimjibu kwamba hiyo ni imani potofu, atanyamaza, atanakili unachosema, na akifika nyumbani atapaka dawa ya meno. Waulize wote: kuna aliyewahi kuungua kidogo akaacha bila kupaka kitu? Ikawaje? Mikono itainuka. Sasa uzoefu unahojiwa na uzoefu, na hapo ndipo pa kufundisha maji ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, na kwa nini si barafu.

Dhana: Asiyekwenda shule huja darasani mtupu

Mtafiti Jean Lave na wenzake waliwafuatilia watu wazima wa Marekani wakinunua vitu dukani, kisha wakawapa mtihani wa hesabu za aina ileile kwenye karatasi. Dukani walipata wastani wa asilimia 98, kwenye karatasi asilimia 59. Watu walewale. Kwa hiyo mtu akishindwa zoezi lako, usikimbilie kusema hajui hesabu. Huenda anaijua na hajaitambua ilivyovaa.

Dhana: Umri umewafunga akili

Kasi ya kushika jambo jipya hupungua kadiri miaka inavyokwenda. Msamiati na ujuzi uliokusanywa huendelea kukua hata ukubwani. Toa muda zaidi, basi.

Dhana: Andragojia inasema watu wazima hawahitaji kufundishwa

Andragojia ni nadharia ya kufundisha watu wazima. Mmarekani aliyeieneza, Malcolm Knowles, mwaka 1970 aliuweka ufundishaji wa watu wazima kinyume na ule wa watoto. Kufikia 1980 alikuwa ameulegeza msimamo huo, akiziona njia hizo mbili kama ncha za mstari mmoja. Mtu mzima anayekutana na kompyuta kwa mara ya kwanza anahitaji kuelekezwa hatua kwa hatua, na hamna fedheha katika hilo.

Dhana: Kila mmoja lazima achangie ya kwake

Hili linaniudhi karibu sawa na lile la kwanza, kwa sababu linaumiza. Nimemkuta mwezeshaji akiwaandikisha wanakisomo insha ya "siku ngumu kuliko zote maishani mwangu". Watu wamefiwa, wamefukuzwa kazi, wamepigwa. Darasa la kuandika si mahali pa kulazimishwa kuyafunua hayo mbele ya majirani. Mpe mtu ruhusa ya kusema "namjua mtu ambaye…", au mpe mada ya kazi ya mikono yake.

Katika darasa hilohilo mama mmoja aliweka kalamu chini na kwa majuma mawili hakuandika chochote. Tukabadilisha zoezi: andika maelekezo ya kitu unachokiweza. Akaandika namna ya kushona kola ya shati, hatua tisa. Mwezeshaji alipozisoma kwa sauti akaruka ya sita, naye akasimama kumwambia, "Mwalimu, rudi. Ukiiruka hiyo, kola haikai."