Ufagio wa asubuhi na mapafu ya mfinyanzi

Saa moja kasoro asubuhi, ndani ya karakana ya ufinyanzi huko Mbagala. Mafundi wako nje wanakunywa chai, ndani kijana mwanagenzi anafagia. Anafagia vizuri, kwa ufagio wa chelewa, kona kwa kona, kama alivyofundishwa kwao. Bati la paa lina matundu mawili ya misumari, na jua likipenya humo linachora mistari miwili ya mwanga katikati ya chumba. Ndani ya mistari hiyo vumbi jeupe linapanda polepole kama moshi wa ubani. Baada ya dakika kumi sakafu imetakata, mafundi wanaingia, kila mmoja anakaa kwenye gurudumu lake, na mtu anawasha pangaboi.

Kazi yangu ni kupima mazingira ya kazi: vumbi, kelele, joto, gesi. Nikiulizwa kitu cha kwanza ambacho ningebadilisha kwenye karakana zetu za vyungu, majiko ya udongo na vigae hapa Dar es Salaam, sianzi na barakoa wala mashine ya bei kubwa. Nasema tuache kufagia pakavu.

Najua nagusa jambo zito. Kwetu kufagia asubuhi ni heshima, na kijana asiyefagia anaonekana hakulelewa. Lakini kumbukeni bibi zetu walivyokuwa wakifagia ua. Walianza na kopo la maji, wakanyunyiza kwa mkono, ardhi ikalowa, ndipo ufagio ukafuata. Tulipohamia kwenye sakafu ya saruji tulibaki na ufagio, maji tukayaacha.

Udongo wa mfinyanzi, uwe ule mweupe wa vilima vya Pugu au ule wa bondeni, huwa na silika ya fuwele ndani yake, kitu kilekile kilicho kwenye mchanga. Ukiwa donge bichi hauna neno. Shida inaanza pale tope lililodondoka sakafuni linapokauka, likakanyagwa mchana kutwa na kusagika kuwa unga. Chembe unazoziona kwenye mwanga wa jua ni kubwa, pua na koo huzinasa. Zinazoua ni zile zilizo chini ya maikroni 10, na hasa zile za maikroni 5 kushuka. Maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa mtu una unene wa maikroni 70 hivi, kwa hiyo tunazungumzia kitu ambacho jicho halikioni kabisa.

Chembe hizo hupita koo, hupita mirija ya hewa, hufika kwenye vifuko vidogo vya mwisho kabisa ndani ya mapafu. Seli za ulinzi wa mwili huja kuzimeza, hushindwa kuziyeyusha, hufa, na mahali pale huota kovu. Kesho kovu jingine. Pafu lililojaa makovu halitanuki, na mwenye nalo huanza kuhema akipanda ngazi, kisha akitembea, kisha akiwa ameketi. Huu ndio ugonjwa wa silikosisi. Kwa kawaida huchukua miaka kumi au zaidi kujitokeza, na vumbi likiwa zito sana huja mapema. Hauna dawa ya kuuondoa, na makovu yanaweza kuendelea kuongezeka hata baada ya mtu kuacha kazi. Zaidi ya hapo, tangu mwaka 1997 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka silika ya fuwele inayovutwa kazini kwenye kundi la vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu.

Watu huniuliza, ni vumbi kiasi gani? Tufanye hesabu pamoja. Marekani, tangu kanuni ya mwaka 2016, kikomo ni maikrogramu 50 za silika kwa kila mita moja ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa zamu ya saa 8. Fundi anayefanya kazi ya nguvu za wastani huvuta kama mita 10 za ujazo kwa zamu. Zidisha, unapata maikrogramu 500, yaani nusu miligramu. Hizo ni punje zisizofika kumi za chumvi ya mezani, na ndiyo posho yote ya siku. Sasa fikiria kiroba cha unga wa silika cha kilo 50 kinavyokung'utwa ili kisibaki kitu.

Na pangaboi? Chembe ya maikroni 1 katika hewa iliyotulia huchukua saa kadhaa kushuka kutoka usawa wa kichwa hadi chini. Kwa hiyo kilichotimuliwa na ufagio saa moja asubuhi bado kinaelea wakati wa chakula cha mchana. Pangaboi likizunguka, hakitui. Feni iwekwe dirishani ikipuliza kuelekea nje, fundi awe upande wa hewa safi.

Ninapopima, namvalisha fundi pampu ndogo kiunoni, saizi ya simu ya kitochi, yenye mpira unaopanda hadi kwenye kola. Pale kwenye kola kuna kikombe kidogo kinachozungusha hewa ili chembe kubwa zidondoke na zile za hatari tu zikae kwenye kichungi. Jioni natoa kichungi kile kwa koleo. Mara nyingi kinaonekana cheupe vilevile kama asubuhi, na fundi anasema, "Si unaona dada, hamna kitu." Inabidi nimweleze kwamba mzani wa maabara unaona ambacho sisi hatuoni.

Badala ya kufagia, tupige deki. Si kulowesha tu kwa kunyunyiza, maana unga mkavu ulio chini ya matone bado hutimka. Mwaga maji, sukuma kwa mpira wa kusukumia maji, kisha pitisha tambara lenye maji, na tambara lioshwe kabla halijakauka. Meza na mbao za kuanikia zifutwe kwa sponji mbichi. Fanya hivyo jioni, tope likiwa bado laini, usisubiri asubuhi likiwa limeshasagwa kwa viatu. Maji machafu yatulizwe kwenye pipa, tope likishuka lirudishwe kwenye udongo wa kukanda. Pipa lifunikwe, kwa sababu mji huu una dengue na mbu hawachagui maji. Kupuliza nguo au meza kwa kompresa ni marufuku kabisa. Mashine ya kawaida ya nyumbani ya kufyonza vumbi nayo inadanganya, inashika kubwa na kutema ndogo kwa nyuma.

Wakati wa kuchanganya, maji yatangulie kwenye ndoo, unga ufuate, ukishushwa karibu kabisa na uso wa maji. Kiroba kikatwe kwa kisu taratibu, kikiisha kiloweshwe kabla ya kukunjwa. Kingo za bakuli zilainishwe kwa sponji chombo kikiwa hakijakauka. Msasa kwenye chungu kikavu ni kazi ninayoiogopa kuliko zote, kwa sababu uso wa fundi unakuwa sentimita 30 tu kutoka kwenye vumbi.

Barakoa nimeiacha mwisho makusudi. Inasaidia pale vumbi limeshindikana kuzuiwa, na lazima iwe ya daraja la FFP2 au N95, iliyobana usoni pande zote. Barakoa ya hospitali, leso au kipande cha khanga haizuii chembe hizi. Mwenye ndevu nyingi hapati mbano, na hilo tuambiane kwa heshima.

Mavazi nayo yana ujanja wake. Pamba hunyonya tope, likikauka hugeuka unga na kutimka kila unapoinama, kwa hiyo mezani vaa aproni ya plastiki au kitambaa laini cha poliesta, kinachofutika kwa sponji. Lakini usiende nayo kwenye tanuri, maana huyeyuka na kugandia ngozini. Kwenye tanuri vaa pamba nzito au ngozi. Na nguo ya kazi ibaki kazini. Mama anayembeba mtoto na gauni la karakana anampelekea vumbi lilelile.

Miaka kadhaa iliyopita nilikutana na fundi mmoja, mtu wa makamo, ambaye kwa muda mrefu kazi yake ilikuwa kuchekecha unga. Alishatumia dawa za kifua kikuu miezi 6 akamaliza, akarudi kwenye chekeche, kikohozi kikarudi, akaanzishiwa dawa tena. Kote alikopita hakuna aliyemuuliza anafanya kazi gani, naye hakuona sababu ya kusema. Tulikaa kwenye benchi chini ya mwembe. Alikuwa akipumzika baada ya kila sentensi. Akaniambia, "Dada yangu, udongo si ndio tulioumbwa nao? Utanidhuru vipi?" Swali lile nimekaa nalo hadi leo, kwa sababu liliulizwa kwa imani kabisa. Nilimchorea mapafu kwa kijiti pale chini. Silika na kifua kikuu ni ndugu wabaya. Aliyevuta vumbi hili kwa miaka ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata kifua kikuu kuliko mtu mwingine, na picha za mapafu za magonjwa haya mawili zinaweza kufanana machoni pa asiyejua historia ya mgonjwa.

Wenzetu walishalipia somo hili. Stoke-on-Trent, mji wa vyombo vya kauri huko Uingereza, ulizika wafinyanzi wengi kwa maradhi ya mapafu na kwa sumu ya madini ya risasi. Mwaka 1947 zikatoka kanuni zilizokataza mambo mawili: glezi (dawa ya kung'arisha vyombo) ya risasi mbichi, na unga wa jiwe la gumegume uliokuwa ukitumika kulazia vyombo ndani ya tanuri. Mahali pa unga ule ikaingia alumina, ambayo haina silika. Nalipenda somo hili kwa sababu hawakuanza kwa kumwambia mfanyakazi ajihadhari. Waliondoa sumu yenyewe. Hata sisi, dawa ya kupaka rafu za tanuri ili vyombo visigande inaweza kuchanganywa kwa alumina na udongo mweupe, bila unga wa silika.

Nimeshaitaja glezi. Kopo lisilo na lebo ya viambato usilinunue, hata kama muuzaji anaapa. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, damu na figo. Kadimiamu hupatikana kwenye baadhi ya rangi nyekundu na njano. Manganizi ya kutia kahawia na weusi, ikivutwa kwa muda mrefu, hudhuru mishipa ya fahamu hadi mikono ikatetemeka. Glezi ya risasi kwenye bakuli la chakula haimdhuru fundi peke yake, maana ndimu, ukwaju na nyanya huikokota risasi kutoka kwenye chombo hadi kwenye mchuzi. Usile wala kunywa mezani pa kazi, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kushika chapati.

Kuna jambo tunaloliona aibu kulitaja. Dada zetu wengi wakiwa wajawazito hutamani udongo, na sokoni wanauziwa pemba. Kwenye karakana nimemwona binti akimega kipande cha chungu kibichi akitafuna huku anaendelea na kazi. Sikumkaripia. Nilimwambia pembeni kwamba meza ile ndiyo inayopakiwa glezi, na risasi humfikia mtoto tumboni. Mwenye karakana, mama mtu mzima, alimhamishia upande wa kupanga vyombo siku hiyohiyo.

Tanuri nitalisema kwa kifupi. Kuni, mkaa na gesi vikiungua bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, isiyo na harufu, ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Tanuri likae penye hewa, na mlinzi wa moto asilale kando yake. Chombo kiingie kikiwa kimekauka hadi ndani, vinginevyo maji yakifika nyuzi 100 huwa mvuke na chombo hupasuka. Usichungulie moto kwa macho matupu, tumia miwani ya kivuli inayozuia mionzi ya joto. Maji ya kunywa yawe karibu, hasa Januari na Februari. Na mashine ya kukandia udongo iwe na kizuizi mdomoni, izimwe na kuchomolewa umeme kabla ya mkono kuingia. Haina breki ya huruma.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka sehemu ya kazi isajiliwe OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, na wafanyakazi wapimwe afya wanapoanza kazi na kila baada ya muda. Vifaa vya kujikinga anagharamia mwajiri, si kukatwa kwenye mshahara. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unahusika na magonjwa yatokanayo na kazi sawa na ajali. Lakini madai ya ugonjwa husimama juu ya kumbukumbu, na hapo ndipo mafundi wetu wengi wanapokwama, kwa sababu hakuna karatasi inayoonyesha walivuta nini na kwa muda gani.

Kwa hiyo nunua daftari dogo leo. Andika mwaka ulioanza kufinyanga, karakana ulizopitia, miaka uliyochekecha unga, miaka uliyopiga msasa, tarehe za kupimwa. Ukienda zahanati na kikohozi kilichozidi wiki mbili, lichukue. Kabla daktari hajaandika chochote, mwambie, "Daktari, mimi ni mfinyanzi, nimevuta vumbi la udongo miaka 12," kisha omba pia picha ya kifua na kipimo cha pumzi.

Kijana wa Mbagala sasa anapiga deki saa kumi na moja jioni, kabla ya kufunga. Ufagio wa chelewa uko nje, unafagia majani ya mwembe.