Kabla ya Kugeuza Shamba Kuwa Msitu wa Kaboni, Pima Udongo

Tangu ianze kampeni ya kupanda miti bilioni 15 ifikapo 2032, na Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi kurekebishwa 2023, wakulima wengi wa Kenya wameletewa na madalali mikataba ya kaboni, yaani ya kuuza kaboni inayohifadhiwa na miti na udongo wa shamba. Malalamiko tunayopokea huanzia kwenye dhana moja: kwamba mche ukishika, udongo nao umeanza kujaa kaboni. Sivyo.

Plau hupasua udongo, mboji ikaoza haraka na kaboni yake ikapotelea hewani. Ukiacha kulima, upotevu hupungua mapema lakini ongezeko huja polepole. Hesabu za kimataifa huchukulia miaka 20 hadi kaboni ya udongo itulie kwenye kiwango kipya. Kuchimba mashimo na kupalilia miche kunaweza hata kushusha kaboni miaka ya kwanza, kwa kuwa majani yanayoanguka bado ni machache.

Nyasi zisidharauliwe. Mizizi yake hufa na kuota tena humo humo udongoni, ilhali mti huweka sehemu kubwa kwenye shina. Mapitio ya tafiti ya 2002 yalionyesha kuwa shamba la mazao likigeuzwa malisho, kaboni ya udongo hupanda kwa wastani wa asilimia 19. Msitu wa kupandwa 18. Msitu uliojiotea 53. Malisho yakigeuzwa msitu wa kupandwa, hushuka asilimia 10. Anayeng'oa nyasi apande mikaratusi asituambie anahifadhi udongo.

Sampuli zichukuliwe kabla ya mche wa kwanza. Tembea kwa mshazari, chimba sehemu 10 hadi 15, ukikwepa kichuguu, njia na zizi la zamani. Tenganisha sentimita 0–15 na 15–30, changanya kila tabaka peke yake, anika kivulini, chekecha kwa chekeche ya milimita 2. Kwa pete ya chuma chukua udongo usiovurugwa, ukaushwe kwa nyuzi 105 kwa saa 24, upate gramu kwa kila sentimita ya ujazo. Kisha zidisha: asilimia ya kaboni 1.2 × gramu 1.3 × kina cha sentimita 30 = tani 46.8 kwa hekta. Wanaoruka pete hudanganyika, maana udongo uliokanyagwa na ng'ombe hushindiliwa, na kina kile kile huonekana kuwa na kaboni zaidi.

Kinachohesabiwa ni tofauti kati ya kipimo cha baadaye na cha awali. Ongezeko la nusu tani ya kaboni kwa hekta kwa mwaka, kwenye ekari mbili (hekta 0.8), ni takriban tani 1.5 za kaboni dioksaidi, kwa kuwa tani moja ya kaboni ni sawa na tani 3.67 za gesi hiyo; hapo ni kabla ya gharama. Picha za miche kwenye simu si kipimo, hata zikitumwa mara tatu.

Mradi huanza kwa andiko la wazo linalowasilishwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ambayo hutoa barua ya kutopinga. Hufuata andiko kamili, tathmini ya athari za mazingira na jamii, barua ya idhini, kisha usajili. Kwenye ardhi ya umma au ya jamii lazima kuwe na makubaliano ya maendeleo ya jamii, na mradi wa ardhi huipa jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliopita baada ya gharama. Kuuza kaboni bila idhini au kughushi vipimo: faini isiyozidi shilingi milioni 500, kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Muhuri wa chifu si idhini.