Altrasaundi na kuanzishiwa uchungu: dhana potofu na ukweli

Dhana: Altrasaundi hueleza mapema kama uchungu wa kuanzishiwa utafanikiwa au utashindikana.

Hii ndiyo dhana yenye madhara makubwa kuliko zote, kwa sababu humfanya mama apokee kipimo kana kwamba ni hukumu. Kinachopimwa hasa ni urefu wa shingo ya kizazi. Mama hutangulia kukojoa, kisha kifaa chembamba kilichovikwa kondomu na kupakwa jeli huingizwa ukeni; shingo ikishaonekana kwenye skrini, mpimaji huweka alama moja kwenye tundu la ndani na nyingine kwenye tundu la nje, na mashine husoma umbali huo kwa milimita. Shingo fupi huashiria kwamba mwili umeanza kujiandaa, na ndefu kwamba kazi ya kuilainisha bado ipo. Hata hivyo, mpaka kati ya fupi na ndefu haujakubaliwa na wote: baadhi ya watafiti hutumia milimita 20, wengine 25, wengine 30, na kwa kila mpaka wapo waliokuwa na shingo ndefu wakajifungua salama kwa njia ya kawaida, na wapo wenye shingo fupi walioishia chumba cha upasuaji.

Kwa hiyo, mama aliyepimwa akakutwa na milimita 31 hajaambiwa kwamba anahitaji kisu. Ameambiwa kwamba aanze na kulainishwa shingo, ama kwa puto linalowekwa kwenye mlango wa kizazi, ama kwa dawa ya misoprosto ya kunywa, ambayo Shirika la Afya Duniani hupendekeza itolewe kwa dozi ya mikrogramu 25 kila baada ya saa mbili. Mwenye kovu la upasuaji wa uzazi hapewi misoprosto. Na kabla hata mashine haijawashwa, lipo swali linalobashiri vizuri kuliko milimita zote hizo: mama huyu amewahi kujifungua kwa njia ya kawaida? Inanisikitisha kwamba namba ya kwenye karatasi huheshimiwa kuliko jibu la swali hilo.

Dhana: Penye altrasaundi, vidole vya mkunga havina kazi tena.

Mwaka 1964 daktari Mmarekani Edward Bishop alipendekeza alama zinazotolewa kwa kuchunguza njia kwa vidole: imefunguka sentimita ngapi, shingo imepungua kiasi gani, ni laini au ngumu, imeelekea mbele au nyuma, na kichwa cha mtoto kimeshuka wapi. Alama hizo alizikusudia kwa wanawake waliokwisha kuzaa, ndiyo maana kwa mimba ya kwanza huyumba. Pamoja na udhaifu huo, mapitio ya mwaka 2015 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha matokeo ya tafiti za afya, yaliyokusanya tafiti mbili zenye wanawake 234, hayakuona tofauti ya wazi kati ya njia hizi mbili katika idadi ya waliojifungua kwa njia ya kawaida wala ya waliopasuliwa. Hospitali ya wilaya isiyo na kifaa cha ukeni haiwanyimi akina mama huduma nzuri, mradi mkunga wake achunguze kwa makini na aandike alichokikuta.

Mahali ambapo altrasaundi huwashinda wachunguzaji wa vidole ni katika kujua mtoto ameelekeza kisogo wapi, na kwa hilo hutosha kupima juu ya tumbo. Hapo napo subira inahitajika, kwani watoto wengi wanaoonekana na kisogo kuelekea mgongo wa mama hugeuka uchungu ukiendelea, na takriban 5 tu kati ya 100 huzaliwa wakiwa bado hivyo.

Dhana: Altrasaundi ikisema mtoto ni mkubwa, uchungu hautafanikiwa.

Uzito huo ni makadirio, na kukosea kwa asilimia 10 au zaidi ni jambo la kawaida. Mtoto aliyeandikwa kilo 4 huenda akazaliwa na kilo 3.6, au 4.4.

Dhana: Altrasaundi ya mwisho ndiyo inayojua umri wa mimba.

Kinyume chake, kadiri mimba inavyokua ndivyo kipimo kinavyokosea, na katika miezi mitatu ya mwisho kosa laweza kufika wiki tatu. Mama anayeanzishiwa uchungu kwa kuwa ametimiza wiki 41, kumbe yuko 38, hukutwa na shingo ngumu, na kushindikana kwake hutajwa kama kasoro ya mwili wake. Ndiyo sababu kipimo kinachopendekezwa kufanywa kabla ya wiki ya 24 kina thamani kubwa hata siku ya kuingia leba.

Dhana: Njia isipofunguka haraka, ubashiri mbaya umethibitika.

Kulainisha shingo peke yake kwaweza kuchukua siku nzima au zaidi. Mama na mtoto wakiwa salama, miongozo hutaka dripu ya oksitosini, dawa ya kuchochea uchungu, iendelee kwa angalau saa 12 hadi 18 baada ya chupa kupasuka, ndipo iandikwe kwamba uchungu umeshindikana.