Bonge: mtu asiye samurai katika Japani ya zama za kati

Neno hili la Kijapani, lisilo na undugu na bonge la Kiswahili, lilikuwa la kisheria. Katika enzi ya Kamakura, iliyokwisha mwaka 1333, bonge alikuwa mkulima, fundi, mchuuzi, hata mkopeshaji aliyewazidi samurai wengi kwa fedha. Utajiri haukumtoa mtu kwenye ubonge. Chini yake walikuwapo genin, watu waliorithishwa na kuuzwa kama mali.

Wengi hudhani upanga ndio uliowatenganisha bonge na samurai, yaani tabaka la wapiganaji. Sivyo: wakati huo wanavijiji wengi walikuwa na silaha. Tofauti ilionekana mtu alipotiwa hatiani. Sheria ya mwaka 1232, ya vifungu 51, iliyotolewa na Hōjō Yasutoki, aliyetawala kwa niaba ya shogun, mkuu wa kijeshi wa Japani, inasema hivi katika kifungu cha 15: samurai akighushi hati, anyang'anywe ardhi, asiye na ardhi apelekwe uhamishoni mbali. Bonge achomwe alama usoni kwa chuma cha moto. Kosa ni lilelile, lakini mmoja alilipa kwa mali, mwingine kwa mwili wake, na kovu la usoni halifichiki.

Kwa kuwa samurai alisimama kwa ardhi yake, watawala waliilinda isimtoke. Mwaka 1240 waliwakataza gokenin, yaani samurai waliokula kiapo kwa shogun, kuwauzia bonge na wakopeshaji ardhi ya ukoo. Madeni yakalishinda katazo. Ndipo amri ya mwaka 1297 ikaja: gokenin aliyenunua ardhi ya mwenzake na kukaa nayo miaka 20 asiguswe, ila bonge airudishe hata akiwa nayo tangu lini. Wenye fedha wakagoma kukopesha, na walioumia ni samurai maskini waliokusudiwa kuokolewa. Wanunuzi nao wakaanza kudai sharti ndani ya hati za mauzo, kwamba hata amri kama hiyo ikitolewa tena, mauzo hayatatenguliwa.

Karne za vita zilizofuata zilivuruga mpaka huu. Vijijini walikuwapo jizamurai, waliolima na kupigana. Aliyeufunga upya ni mtawala Toyotomi Hideyoshi, naye mtoto wa watu wa chini: mwaka 1588 aliwanyang'anya wakulima panga, akisema chuma cha panga hizo kitatengeneza misumari ya hekalu la Buddha mkubwa mjini Kyoto, na mwaka 1591 akakataza samurai kugeuka mkulima au mtu wa mjini.