Kisu Ghali Si Kisu Kikali: Dhana Potofu Kuhusu Visu vya Kukunja

Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Methali inasema kikali, haisemi ghali. Hata hivyo, wengi wanaoulizia visu vya kukunja hapa Nairobi huanza na bei: ninunue kimoja cha shilingi elfu kumi na tano, au vitano vya mia saba mia saba, kimoja kikae garini, kimoja jikoni, kimoja kwenye sanduku la vifaa? Swali lenyewe ni zuri. Linaharibiwa na mambo ambayo watu wameshayaamini kabla ya kuuliza, na moja kati ya hayo limechosha.

"Nikinunua cha bei ghali, sitahangaika tena na kunoa"

Utahangaika. Kila kisu hunolewa. Mtu huleta kisu cha maelfu ya shilingi alichokitumia miaka miwili bila kukigusisha jiwe hata mara moja, sasa hakipasui ngozi ya nyanya, naye ameshakata shauri kwamba aliuziwa bandia. Mara nyingi kisu ni halisi na ni kizima. Makali ndiyo yaliyokwisha, na makali huisha kwenye kila chuma.

Pesa nyingi hukupa chuma kinachokaa na makali muda mrefu zaidi, kiungo kilichosagwa kwa usahihi kisichochezacheza, na mpini wa titani au nyuzi za kaboni. Ukali wa kiwandani ni wa kuanzia tu. Baada ya hapo ni mkono wako na jiwe.

Tazama tarakimu. Ugumu wa ubapa hupimwa kwa kipimo cha Rockwell C; tarakimu ikiwa kubwa, chuma ni kigumu zaidi. Visu vya Victorinox viko kwenye 55 hadi 56. Chuma cha Kichina kiitwacho 8Cr13MoV, ambacho kimejaa kwenye visu vya bei ya chini na ya kati, hufika 57 hadi 59. S30V, chuma cha Kimarekani kilichoingia sokoni mwaka 2001 na ambacho wauzaji wa visu ghali hukitaja kwa sauti ya heshima, huwa 58 hadi 61. Kwa ugumu peke yake, tofauti ni ndogo sana ukilinganisha na tofauti ya bei. Ubora wa S30V uko kwenye vanadi, metali iliyochanganywa ndani yake kwa asilimia 4, ambayo hushikana na kaboni na kufanya chembe ngumu mno ndani ya chuma. Chembe hizo ndizo zinazochelewesha makali kulika unapokata kamba au katoni siku nzima.

Na chembe hizohizo ndizo zitakazokutesa siku ya kunoa. Ni ngumu kuliko oksidi ya alumini, yaani lile jiwe la kawaida la pande mbili utakalouziwa Nyamakima. Utasugua nusu saa uone ni kama umekipapasa tu. Kisu cha namna hiyo kinataka bamba la almasi. Kwa hiyo aliyenunua kisu ghali ili aepukane na kunoa amenunua kisu kinachonolewa mara chache, lakini kwa jasho zaidi na kwa kifaa cha pesa zaidi. Muuzaji anayejua haya na akanyamaza anamkosea mteja.

Makali huisha kwa njia tatu. Kwenye chuma laini, ukingo hupinda. Kwenye chuma kigumu, humeguka vipande vidogo visivyoonekana. Na chuma chochote kile hulika. Katoni hula makali upesi kwa sababu karatasi iliyorejelezwa huwa na mchanga na vumbi la madini ndani yake. Lakini adui mbaya kuliko wote ni sahani. Kauri ni ngumu kuliko ubapa wako, kaunta ya granaiti vilevile, na kioo nacho kinaukaribia. Kata chungwa juu ya sahani, kila kisu kinapofika chini ukingo unapondeka. Kibao cha mbao au cha plastiki, basi, hata ukiwa pikiniki Karura.

Halafu kuna kosa la pili linalozaliwa na la kwanza. Mtu akishaona kisu chake ghali kimekuwa butu, anakikimbiza kwa fundi mwenye grainda kavu ya mota. Dakika moja, cheche nyingi, kisu kinakata. Baada ya siku tatu ni butu tena. Sababu ni joto. Ubapa mwingi, baada ya kuzimishwa kiwandani, yaani kupozwa ghafla ukiwa wa moto sana, hupashwa tena taratibu kwa joto la nyuzi 150 hadi 250 hivi ili upate ugumu wake. Ukingo wa makali ni mwembamba kama karatasi, kwa hiyo kwenye jiwe kavu linalozunguka kwa kasi hupita joto hilo kufumba na kufumbua. Chuma cha kaboni kikionyesha rangi ya samawati, kimefika karibu nyuzi 300, na hapo ugumu umeshapungua. Stenlesi ina hila zaidi, kwani inaweza kuharibika bila kukuonyesha rangi. Dawa ni kusaga kwa mkono polepole mpaka uvuke sehemu iliyoungua, na unapoteza milimita nzima au mbili za ubapa. Fundi anayechovya kisu kwenye maji kila baada ya mguso mmoja ni afadhali. Asiyechovya, mpelekee jembe.

Noa mwenyewe. Unahitaji kipande cha kioo kinene au kigae kilichonyooka, msasa wa maji namba 400, 1000 na 2000, kalamu ya wino usiofutika kwa maji, na mkanda wa ngozi uliochakaa. Msasa huo ni ule mweusi wa wapiga rangi za magari. Chembe zake ni kabaidi ya silikoni, kali kuliko jiwe la kawaida, na gharama yake ni ndogo mno kando ya bei ya kisu.

Lowesha msasa wa 400 na uulaze kwenye kioo; maji yataushika. Paka wino ukingoni pande zote mbili. Laza ubapa, kisha inua mgongo. Kwa ubapa wenye upana wa sentimita 2, mgongo ukiwa milimita 6 juu ya msasa unapata pembe ya nyuzi 17 hivi, nayo inatosha kwa karibu kazi zote za kisu cha mfukoni. Ukiinua milimita 10 umefika nyuzi 30, na hicho kitakuwa patasi. Vuta kisu mgongo ukitangulia, la sivyo utauchana msasa. Baada ya mivuto mitatu tazama wino. Ukifutika upande wa mgongo tu, umelaza mno. Ukifutika kwenye ukingo kabisa peke yake, umeinua mno. Ukifutika upana wote wa sehemu iliyonolewa, ishike pembe hiyo.

Sasa endelea upande huohuo mmoja mpaka upande wa pili uote kijiukingo kinachokwaruza. Kitafute kwa kidole gumba ukikipitisha kutoka mgongoni kwenda nje, kamwe si kufuata urefu wa makali. Lazima kiwepo kuanzia karibu na mpini hadi nchani. Hapa ndipo wengi hushindwa, kwa sababu wanahesabu mivuto, ishirini huku ishirini huku, kama wanaofuata maagizo ya dawa. Usihesabu. Kijiukingo kisipoota, pande mbili hazijakutana, na kisu hakitakata hata ukivuta mara mia mbili. Kikishaota, geuza na ufanye upande wa pili mpaka kihamie huku. Ingia msasa wa 1000 kwa mkono mwepesi, mivuto kumi kila upande, kisha 2000 ukibadilisha upande kila mvuto. Malizia kwenye mkanda uliopakwa Brasso kidogo upande wa ndani, mgongo ukitangulia, kama mara kumi na tano. Osha kwa sabuni kabla kisu hakijagusa chakula.

Kwa mara ya kwanza chukua dakika ishirini bila haraka. Baadaye mkanda peke yake kila wiki utakitunza, na msasa wa 2000 ukiona kinaanza kuteleza kwenye ukurasa wa gazeti. Kisu cha shilingi mia saba kilichonolewa hivi kitakishinda cha elfu kumi na tano ambacho hakijawahi kuguswa, siku hiyo na kesho yake. Keshokutwa cha mia saba kitarudi kwenye mkanda. Hiyo ndiyo tofauti ya bei, na ni tofauti ya kweli, ila si ile watu wanayoidhania.

"Vitano vya bei nafuu ni akiba, kimoja kikiisha natupa, nachukua kingine"

Kikiisha nini? Makali. Yaani unatupa kisu kwa sababu hukutumia dakika ishirini. Na vitano vya chuma kilekile laini vitaisha kwa namna ileile. Ubapa ulioandikwa "Stainless" bila jina lingine lolote la chuma haukuambii kitu, na mara nyingi huwa ni chuma chenye kaboni kidogo kisichoweza kuwa kigumu hata kikipashwa vipi.

Linaloudhi zaidi kwenye visu vya chini kabisa ni kiungo na loki, maana hapo ni vidole. Kabla ya kulipa, kifungue na ushike ncha, ukitikise kushoto na kulia, kisha juu na chini. Kikicheza juu na chini, kirudishe. Tazama ndani ya mpini: kama loki ni lile bamba la chuma linaloruka pembeni, liwe limeingia nyuma ya ubapa kiasi cha theluthi moja hadi nusu ya unene wake. Likigusa kwenye ukingo tu, litateleza. Kifunge uone kama ubapa unakaa katikati au unalalia upande mmoja. Mwisho angalia kama kiungo kina skrubu au ribiti. Skrubu unaweza kuikaza kikilegea, ribiti huwezi.

Kwa pesa ya vitano hivyo, tafuta kimoja cha bei ya kati chenye chuma kinachojulikana. Opinel namba 8 ya Ufaransa ina ubapa wa sentimita 8.5, mpini wa mbao, na pete ya kufungia ambayo imekuwepo tangu 1955; si kisu cha kitajiri, na kinanoleka kwa msasa wa kawaida kabisa. Victorinox vilevile: chuma laini kiasi, lakini kimepashwa vizuri na kinarudi makali upesi. Pesa inayobaki nunulia msasa. Huo ndio ushauri kwa watu tisa kati ya kumi.

Wa kumi ni yule anayefungua katoni tangu asubuhi hadi jioni. Huyo hahitaji kisu cha kukunja hata kidogo. Achukue kile cha mafundi wa kapeti, chenye wembe wa kuvunja kipande kwa kipande, na avunje mara tu kinapoanza kukwama.

Visu viwili vina maana kama kazi ni mbili. Kimoja cha chakula, kimoja cha kukwangua gundi, kukata waya na plasta. Na kuna sababu nyingine ya kuwa na cha bei nafuu: ukikisahau kwenye mkoba wa mkononi pale uwanja wa ndege wa JKIA, kitachukuliwa kwenye ukaguzi. Milangoni mwa maduka makubwa ya hapa mjini pia utapekuliwa. Kisu ghali kikae nyumbani, au kwenye mzigo unaoingia tumboni mwa ndege.

"Stenlesi haishiki kutu"

Huchelewa tu. Chuma huitwa stenlesi kikiwa na kromu kuanzia asilimia 10.5 hivi. Chuma cha visu kiitwacho D2 kina asilimia 12, lakini kaboni yake ni nyingi na huila sehemu kubwa ya hiyo kromu, kwa hiyo madoa hutokea. Ndimu na chumvi, kiache usiku kucha, asubuhi utaona. Suuza, kausha mpaka ndani ya kiungo, dondoshea tone moja la mafuta ya cherehani. Mafuta ya kupikia huganda na kunata. Kwa kisu cha chakula, tumia mafuta ya parafini yale ya kunywa yanayouzwa duka la dawa, na usiyachanganye na mafuta ya taa.

"Chenye loki hakiwezi kukufunga vidole"

Kinaweza, loki ikijaa vumbi la unga au ikilika. Usidunge kitu kigumu kwa kisu cha kukunja, na usifanye ncha kuwa bisibisi. Ncha zilizovunjika ni nyingi, na nyingine huvunjikia kwenye kifuniko cha kopo la rangi.

"Mtoto apewe butu, asijikate"

Butu hutaka nguvu, nguvu huteleza. Mpe kifupi kikali na umkalishe.

"Visu vya jua kali ni vya kukata sukuma wiki tu"

Hivi si vya kukunja, lakini swali huja palepale. Mafundi wa Kamukunji hufua visu kutoka springi za magari, chuma chenye kaboni kama asilimia 0.6, ambacho ni chuma cha kisu barabara. Ubovu ukiwepo uko kwenye kuzimisha: kisu kimefuliwa, kikachongwa, kikaachwa kipoe chenyewe, kikabaki laini. Muombe fundi tupa yake mpya na uikwangue kwenye ukingo, karibu na mpini. Ikiteleza au kushika kwa shida, lipa. Ikiuma na kutoa unga wa chuma kwa urahisi, mrudishie. Mwambie akipashe mpaka kiwe chekundu na sumaku isikishike, akitumbukize kwenye mafuta, kisha akipashe tena polepole kabla ya kukutilia mpini.