Ati "mtoto wangu ana heshima, hawezi kunywa"

Hiyo naisikia sana kwa wazazi hapa Kampala, ati mtoto akilelewa vizuri, anasali, anasalimia wakubwa, basi pombe haitamgusa. Heshima inasaidia, sikatai, na kijana mwenye malengo yake, mwenye mtu mzima hata mmoja anayeweza kumwambia mambo bila kuogopa kiboko, huyo ana kinga ya kweli. Lakini hebu tembea njia yake ya kutoka shule uhesabu waragi, ile pombe kali yetu ya Uganda, inauzwa wapi na wapi, halafu uangalie lile bango la bia pale stage ya boda. Kila siku anapita hapo, jamani.

Wengine wanageuza, wanasema shida ni mtaa tu, ukikaa mitaa ya mabanda kama Bwaise au Kisenyi mtoto amekwisha. Uongo. Vijana kibao huko hawaonji, na kule Kololo kwa matajiri kuna watoto wenye pesa ya kununua na friji ya baba iko wazi. Yule wa ghetto asiyekunywa mara nyingi utakuta ana kitu kinamshika, labda mpira, kocha anamsubiri asubuhi, sasa wenzake wakimletea glasi anasema "kesho nina mazoezi" na hakuna wa kumcheka. Kukataa nako ni ufundi, mtoto anafundishwa, hazaliwi nao.

Eti malwa ni chakula. Ni ulezi, sawa, lakini umechachushwa, ni pombe, na mzee anampa mtoto mrija ati aonje nyumbani ajifunze kiasi. Huko Marekani utafiti wa 1997 ulikuta walioanza kunywa kabla ya miaka 15, kama asilimia 40 walikuja kuwa watumwa wa pombe wakati fulani maishani, walioanza na 20 kwenda juu ni kama asilimia 10. Haithibitishi kwamba kuanza mapema peke yake ndo kulileta, ila mi mrija huo siutoi.

Halafu kuna wanaosema tangu serikali ipige marufuku waragi ya kaveera, ile ya kwenye vipakiti vya plastiki, 2019 mambo yaliisha. Kaveera ilipungua kweli, na hiyo ilisaidia kwa sababu ilikuwa rahisi kuficha mfukoni na bei yake mtoto anaiweza, lakini sasa wanachangishana, wananunua kachupa ka 200ml wanazungusha.

Na wanaowapeleka dukani ni sisi wenyewe! Mtoto wa miaka 10 anapewa chupa tupu ya maji, "kamletee baba ya elfu moja", anajua bei, anajua muuzaji, akifika 14 akija na chupa ileile nani atamuuliza ni ya nani? Sheria inasema 18. Mwenye duka anaijua, chairman wa LC1, yaani baraza la mtaa, naye anaijua na anamjua kila muuzaji kwa jina, kwa hiyo kabla hujamchapa mtoto nenda kwanza kwa hao wawili, na chupa ya baba aifuate baba mwenyewe.