Tanga ipi unayoisema?

Mimi nafundisha Kiswahili, nimezaliwa hapa Ngamiani, na mtu akitaja jina la mji wetu sikio langu linakimbilia herufi zinazofuata, maana Tanga sio neno moja bana. Ukiniambia Tanga imechangamka wikiendi hii, huo mji. Ukisema tanga limechanika, hapo kuna chombo baharini na watu wake washaanza kusali. Tena mjini unasema naenda Tanga, basi, huongezi -ni, ila kiraka unakishonea tangani. Kwenye meseji ambako siku hizi hakuna anaehangaika na herufi kubwa, hizo i- na li- ndo zinakuokoa.

Wavuvi nao wana tangambili, yani kile kipindi upepo wa kaskazi umechoka na wa kusi haujaingia, upepo haueleweki, chombo kinaweza kushika njia ya kaskazini au ya kusini. Neno zuri sana, vijana wengi hawalijui.

Sasa kuna hili la Tanganyika, ambalo nimebishana nalo vibarazani mpaka kahawa imepoa. Watu wa kwetu watakwambia ni Tanga ukijumlisha na nyika, yani Tanga na bara lake, na linapendeza kweli masikioni ila halisimami. Waingereza walilipa koloni jina hilo mwaka 1920, kabla ya hapo lilikuwa la Wajerumani lenye jina jingine kabisa. Lakini wapelelezi Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858 ziwa lilishaitwa Tanganyika, na Ujiji iko huko mwisho wa nchi, sisi tuko huku pwani. Koloni lilirithi jina la ziwa. Najua nitanuniwa.

Ukiandika tanga kwenye Google utaletewa pia chupi, usishtuke, Wareno walilitoa kwenye Kikimbundu cha Angola likiwa na maana ya kitambaa cha kujifunga kiunoni. Na kule India na Pakistan tanga ni gari la kukokotwa na farasi, halina undugu na sisi.

Ila penye balaa ni kwenye wingi. Matanga ya chombo na matanga ya msiba yote yanachukua ya-, kwahiyo kiambishi hakikusaidii tena, inabidi usikilize kitenzi. Ya chombo unayatweka na kuyatua. Ya msiba unayakaa, halafu kwa wengi siku ya tatu yanaanuliwa, kitenzi kile kile cha kuanua nguo kwenye kamba mvua ikianza kudondoka.

Mjomba wangu anashona matanga huku Sahare. Juzi kati hapa mjukuu wake alie Dar kamtumia meseji, shikamoo babu, matanga yanaisha lini? Mzee kajibu, marahaba mjukuu wangu, moja namaliza kesho, la pili nangoja turubai. Binti ikabidi apige, kumbe kuna ndugu yetu amefariki Pangani usiku ule na mzee hana habari. Nilikuwepo. Hakusema kitu, kachomeka sindano pale pale kwenye turubai, kavaa kofia yake, kaenda matangani.